Landrova Chini ya Mparachichi

Mwalimu akistaafu hupewa ushauri mwingi na watu ambao wenyewe hawajastaafu. Mimi niliambiwa nifuge nyuki, nigombee udiwani, nisome Biblia kutoka mwanzo hadi mwisho, na zaidi ya yote nipumzike. Nyuki niliwafuga, wakahama. Udiwani sikuuthubutu. Kupumzika nako nilikuona ni kazi ngumu kuliko kufundisha. Mwishowe, mwaka 2022, nilivaa ovaroli kuukuu la mwanangu nikaingia chini ya mparachichi ulio nyuma ya nyumba yetu, Rungwe, kuanza kazi ambayo mke wangu alikuwa akiniuliza habari zake kwa miaka 26. Swali lake lilikuwa fupi: "Baba, hili gari litafufuka au litaondoka?"

Gari lenyewe ni Landrova ndefu, ile iitwayo 109 kwa sababu kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma ni inchi 109. Ni toleo la tatu, la mwaka 1974, lenye injini ya petroli ya silinda 4, na nyuma limefunikwa turubai. Mimi na Landrova tulizaliwa mwaka mmoja. Ile ya kwanza ilionyeshwa hadharani katika maonyesho ya magari ya Amsterdam, Aprili 1948. Uingereza ilikuwa imetoka vitani na chuma kiligawiwa kwa kipimo, kwa hiyo wenye kiwanda wakaamua bodi iwe ya aluminiamu. Ndiyo maana hadi leo utaona bodi ya Landrova ya zamani imepondeka kila mahali lakini haina kutu, huku chesisi yake, ambayo ni ya chuma, imeliwa kama muhindi uliopitiwa na nyani.

Gari hili lilikuwa la chuo cha ualimu nilichokiongoza. Nyakati za mazoezi ya kufundisha ndilo lililotubeba sisi wakufunzi kwenda shule za msingi zilizotawanyika milimani, kuwakagua wanachuo wetu. Mtu aliyeishi Rungwe anajua mvua yake. Palipokuwa pamejaa tope hadi magotini, dereva alisukuma chini kitufe cha manjano ili magurudumu yote manne yavute, na hapo kilima kikiwa kikali zaidi aliuvuta nyuma ule mkono wenye kichwa chekundu wa gia za chini, nasi tukapanda polepole kama kobe, lakini tukafika. Nimefika katika madarasa ambayo ofisa mwingine yeyote hakuwahi kuyafikia, na nilifika kwa gari hili na kwa mikono ya dereva yule. Habari zake nitazirudia.

Mwaka 1996 gari lilikuwa limekaa juu ya mawe muda mrefu, likauzwa kwa mnada pamoja na vitanda vibovu na mashine ya kuchapia. Nililinunua mimi. Nikilihojiwa wakati ule kwa nini, ningesema ni kwa mapenzi. Leo sina hakika kama hayo ndiyo yote.

Fundi niliyemwita alikuwa kijana wa miaka 30 hivi, mwenye gereji yake kando ya barabara ya Tukuyu. Alilizunguka gari mara mbili, akagonga chesisi kwa nyundo ndogo, akisikiliza kama daktari asikilizavyo kifua. Palipolia kwa sauti kavu aliachia. Palipolia kwa sauti ya debe alitia alama ya chaki. Alipomaliza, chesisi ilikuwa na alama nyingi kuliko ubao wangu wa hesabu.

"Mwalimu," akasema, "hii tunaweza. Ila injini hii tutupe. Tuweke ya Toyota ya dizeli. Utasahau shida."

Nilimwomba siku moja ya kufikiri. Usiku nilijiuliza nini hasa ninachotaka kukihifadhi. Gari si msahafu kwamba lisiguswe. Breki zake za zamani zilikuwa za mfumo mmoja, maana yake bomba moja likipasuka, magurudumu yote manne yanakosa breki. Katika mteremko wa kwenda Kyela hilo si jambo la kulitukuza kwa sababu tu ni la kale. Kwa hiyo tukakubaliana: kila kinacholinda uhai wa mtu kiboreshwe, na kila kinachofanya kazi yake vizuri kibaki. Breki zikawekwa za mifumo miwili pamoja na kisaidizi cha kupunguza nguvu ya mguu. Mikanda ya viti ikafungwa. Pointi za kuwashia moto, ambazo zamani zilihitaji kupigwa msasa na kupimwa kila mara, zikabadilishwa tukaweka kifaa cha kielektroniki kisichosuguana. Injini ikabaki ile ile.

Kazi ilichukua mwaka mmoja na nusu, kwa kadiri pensheni ilivyoruhusu. Bodi tuliivua kipande kwa kipande. Pale aluminiamu ilipogusana na chuma, palikuwa na unga mweupe na matundu, kwani metali hizo mbili zikikaa pamoja katika unyevu, aluminiamu ndiyo inayoliwa. Chesisi ilikatwa palipooza, ikachomelewa vyuma vipya, ikapakwa rangi ndani na nje. Mimi kazi yangu ilikuwa kusugua, kuosha na kupanga bolti katika makopo yenye majina. Nilipojaribu kuchomeka nyaya za plagi, nilizipanga moja, mbili, tatu, nne. Injini ikapiga chafya ikazima. Fundi alicheka hadi akakaa chini.

"Mwalimu, injini haihesabu kama darasa la kwanza. Inahesabu moja, tatu, nne, mbili."

Nilifurahi kuchekwa. Ni muda mrefu hakuna mtu aliyenisahihisha.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niandike. Chini ya kiti kuna kisanduku. Siku ya kukifungua tulikuta ndani yake spana mbili zilizoshikana kwa kutu, kitambaa, na kitabu cha safari cha miaka ya 1982 na 1983, kimefungwa katika mfuko wa nailoni. Karatasi zilikuwa za njano, lakini maandishi yalisomeka. Yalikuwa ya dereva wetu: herufi kubwa, zilizokaa wima, za mtu aliyeishia darasa la nne na aliyeiheshimu kalamu. Nilikiweka kando nikijiambia nitakisoma siku nyingine. Ukweli ni kwamba niliogopa kukisoma.

Siku tulipolijaribu gari barabarani, mjukuu wangu alikaa pembeni yangu na simu yake. Matairi yalikuwa mapya, lakini ya kipimo kile kile cha siku zote, 7.50 kwa 16. Tulipofika mbali kidogo akasema, "Babu, mita yako inadanganya. Simu inasema tumekwenda kilomita 10. Mita yako inasema 9."

Nilimwambia simu ndiyo inayodanganya. Tukarudia. Tukaenda kilomita 20 za simu, mita ikasema 18. Tukapima kwa nguzo za kilomita za barabarani, nguzo zikakubaliana na simu.

Nilimweleza fundi. Akaifungua mita, akaitazama, akaguna. "Hii si ya gari hili. Hii ni ya Landrova fupi." Akanieleza kwa utaratibu, kama nilivyokuwa nikieleza mimi. Landrova fupi kwa kawaida huvaa matairi madogo zaidi. Tairi dogo huzunguka mara nyingi zaidi katika kilomita moja kuliko tairi kubwa, na mita yake imetengenezwa kuhesabu kwa mizunguko hiyo. Ukiifunga kwenye Landrova ndefu yenye matairi makubwa, mizunguko inakuwa michache, na mita inahesabu umbali mdogo kuliko ule gari lililokwenda. Katika kila kilomita 10, moja inapotea.

Jioni ile nilikifungua kitabu cha safari. Sikuhitaji kutafuta sana. Oktoba 1982, kwa herufi zile zilizokaa wima, yalikuwapo maneno haya: "Mita imekufa. Imewekwa nyingine imetoka Landrova fupi." Na chini yake, kwa wino mwekundu, sahihi yangu.

Inanipasa nieleze mwaka 1983 ulivyokuwa, kwa ajili ya wale ambao hawakuwapo. Nchi ilikuwa imetoka katika vita vya Kagera vya 1978 na 1979, fedha za kigeni hazikuwapo, na petroli ilikuwa kitu cha kibali. Ilifika mahali magari ya binafsi yakakatazwa kutembea Jumapili mchana. Mwaka 1983 Serikali, chini ya Waziri Mkuu Edward Sokoine, ilianza vita dhidi ya wahujumu uchumi. Watu walikamatwa kwa kuficha sukari, sabuni na mafuta. Mimi nilikuwa na miaka 35, mwaka wangu wa pili katika ukuu wa chuo, na nilitaka sana ionekane kwamba katika chuo changu hakuna mhujumu.

Nikafanya hesabu. Kwa miezi mitatu, Januari hadi Machi, kitabu cha safari kilionyesha kilomita 3,600. Petroli iliyotolewa ilikuwa lita 800. Kiwango tulichopewa kwa gari lile kilikuwa kilomita 6 kwa lita. Kilomita 3,600 zilitakiwa kutumia lita 600. Lita 200 hazikuwa na maelezo. Lita 200 ni pipa zima.

Nilimwita dereva ofisini. Alisimama, kofia mkononi. Alikuwa amenizidi miaka mitano, lakini ni yeye aliyenipa shikamoo, kwa sababu ya kiti nilichokikalia. Nikamwonyesha hesabu. Akaitazama kwa muda mrefu, kisha akasema maneno mawili. La kwanza, kwamba gari linatoa moshi mweusi na amekwisha kuliandikia. La pili, "Mkuu, ile mita inakula kilomita."

Nami nikamjibu: "Mita haina tumbo. Mita haisemi uongo."

Nililipenda jibu lile. Nadhani hata nililirudia mbele ya wakufunzi wenzangu. Kisha nikampa barua ya kumwachisha kazi kwa ubadhirifu wa mafuta ya umma. Polisi sikuwaita, na kwa miaka mingi nilijihesabia jambo hilo kuwa huruma.

Ndugu msomaji, somo nililokuwa nikilifundisha chuoni pale, mbali na uongozi, lilikuwa upimaji na tathmini. Niliwafundisha mamia ya walimu kwamba mtihani nao hupimwa. Kabla hujamwambia mtoto kwamba ameshindwa, niliwaambia, uliza kwanza kama swali lako linapima kile unachodai kupima. Nilichora ubaoni mzani mbovu, nikauliza darasa: mfanyabiashara akikupunjia sukari kwa mzani huu, mwizi ni nani? Wanachuo walicheka. Na nje ya dirisha la darasa lile lile, chini ya kivuli, ndipo ilipoegeshwa Landrova yenye mita ya gari lingine, ambayo mimi mwenyewe nilikuwa nimeitilia sahihi.

Usiku ule niliifanya hesabu upya. Kilomita 3,600 za mita ile ni kilomita 4,000 za barabara. Kilomita 4,000 kwa kiwango cha 6 ni lita 667. Lita 67 kati ya zile 200 ziliibiwa na mita. Zilibaki lita 133. Kesho yake fundi alifungua kabureta, ambayo tulikuwa tumeiosha tu kwa nje. Aliweka rula juu ya uso wa chuma chake, akaniambia nitazame. Mwanga ulipita chini ya rula. Uso ulikuwa umepinda, na ringi ya mpira iliyopaswa kuziba ilikuwa ngumu kama mfupa. Aliniambia kabureta ya namna hii ikipinda, petroli hupenya pasipotakiwa, injini hunywa kupita kiasi na kutoa moshi mweusi. Kabureta siwezi kuiapia, kwa maana imekaa miaka mingi na huenda ilipinda baadaye. Lakini moshi mweusi umeandikwa kitabuni mara tatu kabla ya Aprili 1983, na mara zote tatu nilitia sahihi. Mita naiapia.

Kuna mtu atasema, mambo ya miaka 40, yaache. Mke wangu hakusema hivyo. Alisema, "Gari limepona. Sasa lina pa kwenda."

Dereva tulimpata upande wa Kyela, katika shamba dogo la kakao. Niliendesha mwenyewe, polepole, mjukuu wangu pembeni. Alikuwa amekaa kibarazani, mzee wa miaka zaidi ya 80, macho yamefifia. Nadhani alilitambua gari kwa sauti kabla hajanitambua mimi, maana aliinua kichwa tukiwa bado barabarani.

"Shikamoo, mzee," nikamwambia.

Alinyamaza. Kisha akasema, "Marahaba. Leo unanipa shikamoo, Mkuu?"

Tulikaribishwa, tukaletewa maji na ndizi. Nilimweleza yote, tangu simu ya mjukuu hadi rula ya fundi. Sikujitetea kwa hali ya nchi ilivyokuwa, ingawa njiani nilikuwa nimejiandalia maneno hayo. Mjukuu wake wa kike alimsomea ule mstari wa Oktoba 1982. Alimwambia ausome tena.

"Nilikuambia siku ile," akasema.

"Uliniambia."

"Ukasema mita haina tumbo."

"Nilisema hivyo."

Alinieleza, bila kupandisha sauti, jinsi ilivyokuwa baada ya hapo. Kila alipoomba kazi ya udereva, waliuliza kwa nini aliacha kazi ya serikali, na barua ndiyo iliyojibu. Alibeba ndizi kwa mkokoteni. Alichuma chai. Mwanawe wa kwanza aliacha shule. Kijijini hakuna aliyemwita mwizi mbele yake, lakini alipochaguliwa mtu wa kutunza fedha za kanisa, hakuwahi kuwa yeye.

Nikamwambia nimekuja kuomba radhi.

"Radhi nimeisikia," akajibu. "Ila mimi nilifukuzwa kwa barua."

Nilielewa. Katika maisha yangu nimeandika barua nyingi: za kuita, za kuonya, za kupandisha watu vyeo. Barua niliyoiandika wiki ile ilinichukua siku tatu. Niliandika kwa mkono, kisha ikapigwa chapa. Nilitaja tarehe, kilomita, lita, mita na sahihi zangu. Niliandika kwamba hakuiba, na kwamba aliyekosea ni mimi, aliyekuwa mkuu wa chuo. Nakala moja niliipeleka chuoni ili iingie katika jalada lake, kama bado lipo. Najua haitamrudishia mishahara yake wala mwanawe hatarudi darasani.

Nilipompelekea, watoto wake waliokuwa karibu walikusanyika. Mjukuu aliisoma kwa sauti, watu wote wakiwa kimya. Mzee akaomba funguo za Landrova. Mwanawe alitaka kumzuia, akamwondoa kwa mkono. Alipanda taratibu, akakanyaga breki mara mbili, akauliza kwa nini pedali imekuwa nyepesi hivi, nikamweleza habari ya kisaidizi. Alitikisa kichwa kuafiki. Hakuliwasha. Alikaa tu nyuma ya usukani, akaangalia dashibodi.

"Mita mpya?" akauliza.

"Mpya. Ya gari refu. Nimeipima kwa nguzo za barabarani."

"Vizuri," akasema, akashuka.

Kabla hatujaondoka alituingiza sebuleni. Alitoa chini ya kitanda mkoba wa ngozi, na ndani yake bahasha ya nailoni. Humo mlikuwa na cheti chake cha ubatizo, leseni yake ya udereva iliyokwisha muda, na barua yangu ya 1983, imekunjwa mara nne, imeanza kuchanika kwenye mikunjo. Nilidhani ataichana au atanirudishia. Hakufanya hivyo. Aliikunja ile mpya mara nne vile vile, akaiweka juu ya ile ya zamani, akafunga bahasha.

Gari sasa linatembea vizuri. Kila safari naiandika kitabuni, umbali na lita, kwa mkono wangu mwenyewe. Mita ya Landrova fupi iko mezani kwangu ninapoandika haya. Inasimama pale pale ilipokomea siku mjukuu wangu alipoiambia kwamba inadanganya, nami sina nia ya kuirudisha nyuma.